Jasi Ilipikwa, Mabrouk Akafukuzwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Gavana, karibu kwenye vumbi letu. Chai ya mnanaa inachemka na tende za Douz ziko mezani, lakini utusikie kwanza.

KAZI YETU
Sisi ni wapimaji udongo wa barabara ya Oued Zmila. Kila tabaka likishindiliwa, tunachimba shimo dogo, tunapima uzito wa udongo uliotoka na ukubwa wa shimo, kisha tunaukausha kujua ulikuwa na maji kiasi gani. Tukikosea, barabara inadidimia na watu wanapinduka nayo.

TULICHOGUNDUA
Majibu yetu yalikuwa yanagombana. Tabaka lilelile, mwenzetu Mabrouk Jelassi analipitisha, sisi wengine tunalikataa. Mhandisi mkuu akatucheka: "Nyie vijana, udongo wenu una tabia za mama mkwe! Asubuhi umeridhika, mchana umenuna."

Tukakagua mizani, nzima. Tukabadilisha mchanga tunaojazia shimo kupima ukubwa wake. Tukamsihi dereva azime rola, isije ikatikisa shimo. Wapi! Mwisho tukagawa bonge moja la udongo nusu kwa nusu. Nusu tukaikausha kwenye tanuri kali kama tulivyoagizwa, nusu kwa moto mdogo, kama afanyavyo Mabrouk. Ya tanuri kali ikaonekana ilikuwa na maji mengi zaidi.

Mheshimiwa, udongo huu una jasi. Nani hapa hajui kwamba jasi ikichomwa hutoa maji yake ya ndani? Bibi zetu waliichoma hivyo kupata plasta ya kuta. Sisi maji hayo tukayahesabu kuwa unyevu, udongo mkavu ukaonekana haba kana kwamba haukushindiliwa vizuri, tukakataa matabaka mazuri. Mabrouk alikuwa sahihi.

UCHUNGU WETU
Lakini Mabrouk ameshafukuzwa, eti mkandarasi alimhonga apitishe matabaka. Tulipopeleka ushahidi, mhandisi akamfokea mwenzetu wa kike aliyeushika: "Kitabu kinasema joto lile! Binti, unabishana na kitabu?"

Ndiyo, tunabishana. Kitabu hakijawahi kukanyaga Oued Zmila.

MAOMBI
Udongo wa jasi ukaushwe kwa moto mdogo. Mabrouk arudishwe kazini, na aliyemwita mla rushwa mbele ya watu amsafishe mbele ya watu. Mke wake sasa anapita sokoni ameinamisha kichwa. Hilo hatulivumilii.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na ainyweshe mitende yako. Ni sisi, Wapimaji Udongo wa Oued Zmila.

Tuliagizwa tumalizie kwa kumwomba mhandisi radhi kwa kuchelewesha barabara. Hatuombi.