Saa Moja ya Kazi Yako: Wasifu wa Dada Yetu Mshauri

Ndugu waombolezaji, familia ilimwomba mdogo wake marehemu, yule aliyekuwa akimshikia vitabu vya ofisi, aandike wasifu mfupi na mtamu. Mfupi utakuwa. Utamu uchukueni mapema, maana uko huku mwanzoni tu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi viatu na mkunga. Alianza darasa la kwanza mwaka 1968, na hukohuko shuleni akafungua ofisi yake ya kwanza, nyuma ya stoo ya madawati, ambako wenzake walimpelekea vilio vyao wakati wa mapumziko. Malipo yalikuwa kipande cha penseli. Asiye na penseli alimbebea mkoba. Mwalimu mkuu alipomfuma alimpa adhabu ya kufagia, na kesho yake akaja mwenyewe nyuma ya stoo kumweleza habari za mkewe. Alimaliza sekondari mwaka 1980 na stashahada ya ustawi wa jamii mwaka 1984, kisha akaajiriwa katika wodi ya magonjwa ya akili ya hospitali ya serikali.

Tarehe 3 Desemba 1988 aliolewa na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza swichi ya wodi hiyo, akarudi mara nne kuitazama swichi ileile ikiwa nzima. Shemeji yupo hapa, asibishe. Walijaliwa watoto wawili.

Wodini dada aliona wagonjwa wakiruhusiwa na karatasi ya kwenda kwa mshauri, na karatasi hizo akaziokota getini walikozitupa, kwa sababu saa moja ya mshauri iliwagharimu mshahara wa wiki. Mwaka 2003 aliacha kazi, akapanga vyumba viwili juu ya duka la vipuri, akabandika sharti moja: mteja atalipa kile anachokipata kwa saa moja ya kazi yake. Wakili alilipa saa ya wakili, dobi saa ya dobi, na asiye na kazi hakulipa. Ushahidi hakuomba. Wakili mmoja alijifanya kipato chake ni cha dobi. Dada aliitazama suti yake, akasema, "Sawa, napokea hiyo. Ila leo tuanze na kwa nini unaogopa kuniambia ukweli." Wiki iliyofuata wakili alilipa mara mbili, bila kuulizwa.

Mwaka 2016 mdogo wake alistaafu benki, akaja kumsaidia. Ni mtu wa mihuri na mafaili, na alipogundua kwamba wapo waliodanganya kama yule wakili, hakulala. Kodi ya vyumba ilikuwa nyuma miezi mitatu, mwenye nyumba amekwisha kutoa ilani. Mdogo wake akashauri kila mteja alete barua ya mwajiri inayoonyesha mshahara. Dada alikataa, wakavutana mwezi mzima, mwisho akachoka. Alisema tu kwamba jambo hili linamtia baridi mgongoni. Tangazo lilibandikwa mlangoni Januari 2019.

Alikuwapo mteja wa Alhamisi saa kumi, mama mshona sare kiwandani. Alichokuwa akikieleza mle ndani hatukijui, na dada hakukisema hata kwa mumewe. Tunajua kwamba aliingia ameinama na miezi ya mwisho alikuwa akitoka akiwasalimia wauza vipuri. Naye aliiomba barua. Kiwandani wakamuuliza ya nini, akasema kweli.

Alhamisi, tarehe 14 Februari 2019, aliiweka mezani. Mdogo wake aliukagua muhuri wa barua, akamsifu, akaiweka kwenye faili bila kusoma mstari wa mwisho. Yule mama akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na kama sina kazi tena, nitaleta barua ya nani?"

Mdogo wake alidhani ni utani. Alicheka, akamwambia akae asubiri. Dada alipotoka na mteja aliyetangulia, kiti kilikuwa kitupu. Aliisoma barua hadi chini, ambako iliandikwa kwamba mtajwa ameondolewa kwenye mashine kuanzia siku hiyo kwa sababu ya hali yake ya akili. Dada hakumgombeza mdogo wake. Afadhali angemgombeza.

Jioni ileile walikwenda anakoishi. Mlango ulikuwa wazi, ufunguo umo kitasani, nguo zimekunjwa juu ya kitanda, chakula chunguni hakijaguswa. Jirani alisema alimwona akitoka mikono mitupu, na kwamba hakuitika salamu.

Kwa Alhamisi kumi na sita dada hakumpa mtu mwingine saa ile. Alikaa chumbani mlango wazi mpaka saa kumi na moja ipite. Siku nyingine alizunguka vituo vya polisi na wodi, na mara tatu aliingia chumba cha maiti, mdogo wake akibaki nje. Mara zote alitoka akitikisa kichwa, na hakuna aliyejua kama hiyo ni nafuu. Dawa zake za shinikizo la damu alizisahau, miadi ya kliniki akaipita. Tarehe 6 Juni, saa kumi na nusu, alipatwa na kiharusi akiwa kwenye kiti chake. Alifariki dunia Jumapili, tarehe 16 Juni 2019, alfajiri. Siku moja kabla, kwa ulimi mzito, alimwambia mdogo wake, "Toa ile karatasi mlangoni." Imetolewa. Vyumba vimelipiwa hadi mwisho wa mwaka kwa pensheni ya mdogo wake, na mwanafunzi aliyekuwa akifundishwa kazi na dada anaendelea kupokea watu bila barua.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake, pamoja na wateja arobaini na mmoja ambao majina yao hatutayataja. Ametanguliwa na wazazi wake wote wawili. Mteja wa Alhamisi hatukujua tumwandike upande upi, wa walioachwa au wa waliotangulia.

Dada, Mungu akupe mapumziko mema. Sisi bado tunamtafuta.