Namna ya Kukaa Mashuani kwa Gharama Ndogo

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu ulioshushwa melini, umelazwa juu ya magogo mawili mkabala na lango la bandari ya Mtwara, pale ambapo malori ya korosho hupunguza mwendo ili kukata kona. Muuza kahawa alikaa mwisho wa ubao, birika lake juu ya makaa. Asubuhi moja ya masika, mwaka uliofuata Operesheni Vijiji, Ismaili alifika hapo akiwa amevaa shati lake la Idi. Nyumba yake kwenye mlango wa Ruvuma ilibomolewa, watu wakahamishiwa kijiji kipya mbali na maji. Yeye, ambaye hakujua kazi nyingine ila kusafirisha chumvi kwa mashua, alivumilia huko msimu mmoja, kisha akarudi kwenye chombo chake, na mkewe Mwanakombo nyuma yake na masufuria kichwani. Tangu siku hiyo waliishi humo, nyuma ya mikoko ya ghuba. Sasa tumbo la Mwanakombo lilikuwa limeshuka, siku za kujifungua zimekaribia.

Maneno yake alikuwa ameyapanga njia nzima.

— Wazee wangu, nina shida. Natafuta chumba kimoja tu, mpaka mke wangu ajifungue na apate nguvu. Mashua inavuja. Usiku tunafua maji kwa zamu, tukiyamwaga nje.

Hakuwa amewaendea wazee hao watatu kwa kubahatisha. Abdallah, waliyemwita Sukani, alisafiri na marehemu baba yake Ismaili miaka mingi, na nyumba yake ya mtaani Likombe ilikuwa na vyumba vinne, wakaaji wawili. Mikaeli, mpakiaji wa bandarini aliyeitwa Winchi kwa upana wa mabega, mwanawe alikuwa ameitwa jeshini, kitanda kimebaki kitupu. Gaudensi, yaani Karani, alikuwa na chumba cha uani.

Sukani alishusha kikombe.

— Inavuja wapi?

— Ubavuni, baba mdogo, huku chini karibu na mkuku. Lakini mimi nasema habari ya…

— Ngoja kwanza. Kuvuja kuna dawa yake, na hununui kitu. Tafuta pamba mbovu, ichovye mafuta ya papa, isukumize kati ya mbao kwa patasi butu. Baba yako alikuwa fundi wa hilo. Halafu kwa nje pakaa mafuta ya maganda ya korosho. Hakuna mdudu wa baharini atakayeutia meno ubao huo.

— We Sukani, mafuta yale yanababua! — alisema Winchi. — Mtoto atazaliwa amechunika kama kiazi.

— Yanapakwa nje, bwana. Mtoto anazaliwa ndani.

Wakacheka. Ismaili naye akatabasamu, kwa adabu. Pamba alikwisha kuisukumiza, na mafuta alikwisha kuyapaka. Mikono yake ilikuwa bado na mabaka. Mbao zilikuwa zimeoza, na ubao uliooza haushiki pamba.

— Kupika mnapika wapi? — Winchi alimuuliza.

— Kwenye sanduku la mchanga.

— Safi. Weka kipande cha bati upande wa upepo, kuni hazitakwenda bure. Na chini mtandike magunia ya korosho, mawili mawili. Yanakunywa unyevu wote. Ukiyaanika mchana, jioni unalala kama mkuu wa wilaya.

— Mvua je? — Karani aliingilia, akinyoosha kola. — Nitakupa turubai langu kuukuu. Lifunge juu ya mlingoti uliolazwa, limekuwa paa. Pembe moja iiname kwenye debe, nawe umepata maji ya kunywa. Sisi huku tunapigana vikumbo bombani tangu alfajiri, wewe yanakufuata kitandani!

— Ahsante, Karani. Sasa, kile chumba chako cha uani…

— Kile? Kimejaa makaa. Na popo, usiseme. — Karani akapunguza sauti. — Halafu siku hizi mjumbe wa nyumba kumi anazunguka kila jioni. Nani kalala hapa, katoka wapi, ana barua ya nani. Wewe kijijini ulitoka na barua?

— Sikutoka nayo.

— Umeona? Kule mashuani nani atakubishia hodi? Wallahi vile, nakuonea wivu.

— Wewe Mkristo unaapa Wallahi? — Winchi alimcheka.

— Jambo lenyewe limenizidi, mtani.

Ismaili akamgeukia Winchi. Winchi akainama, akawa anachuna gamba la kidonda mkononi.

— Nyumba ninayokaa ni ya kazi, ndugu yangu. Ningekuwa na yangu, mbona ungelala leo leo. Lakini Karani kasema kweli. Amri ya kuhamia vijijini inahusu watu wa majumbani. Chombo si nyumba. Hebu fikiria, fuga na kuku humo.

— Kuku wataanguka majini.

— Uwafunge kamba! Na mihogo upande kwenye makasha. Mbolea ya dagaa ipo. Bwana shamba akija kukagua, aje akiogelea.

Sukani akajipiga kofi gotini.

— Ninyi mnaona karibu. Wakipatikana wenzake wenye mashua kumi, wakazifunga pamoja, tayari ni nyumba kumi. Wanamchagua mjumbe wao. Zikawa mashua mia, ni kijiji kamili!

— Chenye duka la ushirika, — alisema Karani.

— Na shule! — alidakia Winchi. — Watoto wakichelewa, mwalimu anangoja maji yajae.

— Sabasaba wanachukua bendera ya kijiji bora, tena wanakuja nayo kwa tanga!

Vicheko vikawafanya wapita njia kugeuka. Ismaili alishika kikombe kilichopoa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa juu ya lori, siku ya kuhamishwa, na hakuifikia siku ya saba ili apewe jina. Katika ukoo wao majina ya watoto hurithiwa kwa mababu, na lile la zamu yake lilikuwa bado linangoja. Hayo aliwahi kumweleza Sukani, siku ya matanga.

— Baba mdogo, — alisema taratibu, — yeye anaogopa kuzalia humo.

— Aogope nini? Mawimbi yanabembeleza. Mwanamke wa pwani, maji yakijaa, mtoto anatoka mwenyewe. Hata mkunga huhitaji. Na mtoto wa chomboni haugui kifua, muulize baharia yeyote.

Mwanamke mmoja alikuwa ameshuka kwenye lori la Nanyamba, akatua kando ya makaa ungo wake wa mihogo ya kuchemsha. Jina lake Mariamu. Hakuna aliyekuwa akimjua. Aliwasikiliza watatu hao mpaka vicheko vilipopungua, macho yake yakimrudia huyu asiyecheka.

— Samahanini, wazee wangu, mimi nimewakuta katikati. Kwani huyu ndugu aliomba nini?

Winchi akatazama lango la bandari. Karani akainama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa.

— Aliomba… — Sukani alianza. Akakohoa.

Mariamu akamgeukia Ismaili mwenyewe. Ismaili alikuwa na jibu mdomoni. Lakini aliona kwamba akilitoa yeye, wataanza upya na ubao unaovuja. Akamkazia macho Sukani, akingoja mmoja wao alitamke lile neno, chumba, hata kama ni kumnyima.

Lori likapita, likakata kona. Mihogo ikatoa mvuke.

— Kahawa imekwisha, — alisema muuza kahawa.

Wakanyanyuka upesi wote watatu, wakijipangusa, kila mmoja akimpa Ismaili mkono na kumwombea mkewe heri. Muuza kahawa akalishusha birika, bado zito, kwa mikono miwili, kwa uangalifu, lisimwagike.