Mzee Geoffrey Otiende Obuya, Aliyekuwa Anaangalia Tu

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kumsalimu mtu, marehemu Mzee Geoffrey Otiende Obuya alifungua boneti ya gari lake, Pijo, akaweka kiganja juu ya mpira wa rejeta kama anayempima mtoto homa, akachungulia maji, akafunga. Alifanya hivyo hata siku ambazo hakuwa na safari. Mkewe alipomuuliza kuna nini, jibu lilikuwa lile lile: "Naangalia tu."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Sigalame, mtoto wa tatu wa marehemu Josiah Obuya na marehemu Jentrix. Alisomea shule ya msingi papa hapa, na akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1975. Dada zake wanakumbuka kwamba alikuwa akirudi kutoka nusu ya njia kuhakikisha mlango wa jikoni umefungwa, na hivyo akachapwa kwa kuchelewa kuliko watundu wote wa darasa.

Mwaka wa 1981 aliajiriwa Malaba kama karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka wa 2017, na hata baada ya hapo familia ilibaki huko. Foleni ya malori ilipolala barabarani, yeye aliifuata kwa miguu akikagua lakiri za kontena alizokwisha kuzikagua jana yake. Madereva walimtania kutoka juu: "Boss, hiyo haijatoroka!" Naye alijibu kama kawaida yake.

Alimwoa Zilpa mwaka wa 1986. Alipokwenda Rukala kujitambulisha kwa wakwe ilikuwa msimu wa mvua, na mto Nzoia ulikuwa umeanza kupanda mashambani. Chakula kikiwa mezani, mgeni aliinuka.

"Kijana, unakwenda wapi?" aliuliza baba mkwe.

"Naangalia tu maji yamefika wapi, mzee."

Alitoka mara tatu kabla ya kuku kuisha. Mama mkwe alinuna. Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mpeni huyu binti. Nyumba yake haitasombwa akiwa amelala."

Pijo aliinunua mwaka wa 1994, tayari ikiwa kuukuu. Miaka kumi na mitano baadaye, Jumapili moja wakitoka kanisani, rejeta ndogo ya hita ya kupasha gari joto, iliyo nyuma ya dashibodi, ilipasuka na kumwaga maji ya moto kwenye viatu vya Mama Zilpa. Fundi mmoja wa Busia aliunganisha mipira miwili ya hita kwa kipande cha bomba, maji yasipite tena ndani, akafuta mikono. "Mzee, Busia hii hita ni ya nini? Jua si liko bure?" Wote walicheka, na gari likakaa bila hita.

Mwaka wa 2023 alipatikana na ugonjwa wa figo. Ugonjwa huo ulimletea baridi ambayo hakuna aliyeielewa. Saa saba mchana, Malaba, alivaa sweta mbili. Kliniki yake ilikuwa Eldoret, na safari za alfajiri kupitia baridi ya Turbo zilimrudisha nyumbani akitetemeka. Watoto walitaka kumkodishia gari jipya. Alikataa. Gari asilojua mipira yake, alisema, hawezi kulala ndani yake.

Ndipo mwezi wa Aprili mwaka huu akaamua kuirudisha hita mwenyewe, uani. Alitoa dashibodi kipande kwa kipande, akavipanga juu ya gunia. Rejeta ndogo kuukuu aliipata Busia, akaisukumia maji ya mfereji. Yalitoka mekundu kama udongo, akangoja mpaka yakawa meupe. Binti yake wa mwisho, Vivianne, alishika tochi. Jirani yao, Mzee Methuselah Okwakol, alisimama uani akitafuna muwa.

"Otiende, jua lote hili na bado unatafuta joto? Si ulale tu juu ya mabati!"

"Okwakol, shika huu mpira uache mdomo."

Aliushika. Walikaza vibano, wakajaza maji, wakawasha injini, na Mzee akatia mkono chini ya dashibodi, akapapasa zulia. Lilikuwa kavu. Alipapasa tena kabla ya kulala.

Jumatatu tarehe 5 Mei hali yake ilibadilika, uso ukavimba, pumzi ikawa fupi. Vivianne aliendesha kuelekea Eldoret. Mzee alikaa mbele na blanketi, mkono mmoja ukiwa kwenye zulia. Walipoanza kupanda baada ya Webuye, nyuma ya lori la simiti lisilotaka kupitwa, mshale wa joto ulianza kupanda nao. Vivianne aliuona ukigusa mstari mwekundu. Hapakuwa na mahali pa kusimama, na baba yake alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayekunywa kwa mrija.

"Fungua hita yote," alisema. "Na feni. Itavuta moto wa injini."

Joto liliwamwagikia. Vivianne alishusha vioo, jasho likamwingia machoni. Mzee alilegeza blanketi kwa mara ya kwanza tangu Malaba. Mshale ulisita, ukarudi upana wa kucha. Hapo Vivianne, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumuuliza baba yake jambo la namna hiyo, aliuliza: "Baba, unaogopa?"

"Angalia barabara, mama," alisema.

Walifika. Zulia lilikuwa kavu.

Madaktari na wauguzi walifanya walichoweza, nasi tunawashukuru. Mzee Otiende alituacha Alhamisi tarehe 15 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Amemwacha mjane wake, Mama Zilpa, watoto wake Collins, Bridgit na Vivianne, wajukuu wanne, dada zake Beryl na Emmaculate, na rafiki yake Mzee Okwakol, ambaye tangu msiba anafungua boneti ya Pijo kila asubuhi bila kuombwa. Mwenyezi Mungu ampokee, na sasa wengine waangalie, yeye alale.

Tangu matanga yaanze, wengi wamekuja wakisema Mzee hakuogopa kitu. Mama Zilpa ameomba msikie na hili. Siku mbili kabla hajafariki, mchana, Vivianne akiwa anasoma kando ya kitanda, Mzee alifumbua macho na kujibu lile swali la barabarani.

"Naogopa, mama," alisema. "Kaa hapa."