Baridi ya Ziwa la Uswisi

Boti ya kwenda Mwamgongo ilikuwa imeshaiacha Kigoma mbali wakati Merina, muuza dagaa, aliposikia mama mmoja akimsimulia mzee aliyekaa naye kwamba ametoka Uswisi kwa binti yake, mwezi mzima wa baridi.

"Ni mji wa ziwani kama kwetu, mzee wangu. Ila milima yote ni theluji, na ukipumua unatoa moshi."

"Wavuvi wapo?"

"Nilimwona mmoja. Kavaa glavu."

Merina akamhurumia mvuvi huyo asiyemjua.

"Sasa binti anataka nihamie huko," mama akaendelea. "Tukitembea ukingoni ananishika mkono nisiteleze."

"Basi nenda. Watoto wa namna hiyo siku hizi ni wachache."

"Na kaburi la baba yake nimwachie nani?"

"Kaburi halitelezi, mama."

Mama akacheka. Merina alisogea asikie jibu, lakini injini ilizimwa na boti ikagusa mchanga wa Mwamgongo. Mama alikunja kitenge, akashuka, maji ya uvuguvugu yakamfika magotini, naye akasimama humo kidogo akitabasamu, wenzake wakimpita na mizigo yao.