Austin Shiundu, Mseja Bila Kuapishwa

Baba paroko, masista, wakristo wa jumuiya zote za Gatina, watu wa Lindi mliotembea kwa miguu tangu alfajiri, majirani wa Riruta Satellite, na nyinyi wengine mliojaa mpaka huko nje barabarani, kwa maana hii kanisa tangu ijengwe haijawahi beba watu kama leo, poleni na asanteni kwa kufika. Mimi ni Derrick Shiundu, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenichagua nisimulie, si kwa sababu nilisoma, shule mimi niliiona kupitia dirisha, lakini kwa ukoo wetu wote hakuna sauti inafika mbali kama hii yangu, na hakuna mwenye anakumbuka kama mimi, kwa hivyo sina karatasi, yote iko kwa kichwa.

Austin alizaliwa Jumatatu, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, mwaka wa 1983, pale Lindi, Kibera, na leo ndio angekuwa anafikisha miaka arobaini na mbili. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Shiundu, fundi wa mawe aliyejenga nusu ya Nairobi hii mnayoiona, na mama yetu Sella, ambaye mnamwona pale mbele na leso ya bluu. Siku hiyo ilinyesha mvua yenye haijawahi nyesha tena Kenya hii, mto ukabeba vyoo vitatu na mbuzi wa mwenye ploti tuliyokodi, mkunga akaingia kwa nyumba maji ikiwa kwa kiuno, na mtoto alipotoka hakulia, alitulia akaangalia mabati, akaangalia ukuta, mpaka mkunga akasema, "Mama Derrick, huyu amekuja kukagua nyumba kwanza, akiona inavuja atarudi."

Hakurudi. Alibatizwa mwaka huo huo, akaanza shule ya msingi hapo hapo Lindi mwaka wa 1990, na kufikia darasa la pili alikuwa tayari anasomea watoto wa ploti misa, leso ya mama kwa mabega, chapati imekatwa vipande vidogo vidogo, kaka yake, ndiye mimi, akigonga kikombe na kijiko kama kengele, na kijana mmoja wa kwa jirani Muigai aliporudi kwa laini mara ya nne, padre wa miaka minane akamwambia, "Wewe, hii si hoteli, rudi ukae." Mwaka wa 1997 alifanya mtihani wa darasa la nane akapita mpaka redio ikamtaja, wengine wanasema haikumtaja, hao hawakuwa na redio, na mwaka wa 1998 akaenda seminari ndogo upande wa magharibi, akamaliza mwaka wa 2001.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2003 aliingia seminari kubwa, akasoma falsafa, akasoma teolojia, akasoma Kilatini mpaka akawa anaota nayo, na ikafika mwaka wa 2011 amebakisha miezi mitatu apewe ushemasi, ile daraja ya mwisho kabla ya upadre, kanzu imeshonwa, fahali imefungwa nyumbani Butere, watu wote wa steji ya matatu wameshaambiwa kwamba baada ya upadre ni uaskofu, na baada ya uaskofu Roma wajipange. Sasa, kabla ya ushemasi kila mseminari huitwa mbele ya mkuu wa seminari kuulizwa kama kuna jambo linalomzuia, na wenzake walimwambia, Austin, hapo unasema hakuna, unatoka, unaenda kula, lakini Jumatatu, tarehe tisa, mwezi wa tano, yeye alikaa kwa kile kiti akajibu kwa sauti ya kawaida kwamba tangu utoto moyo wake huenda kwa wanaume, si kwa wanawake, kwamba hajawahi kumgusa mtu, kwamba useja anautaka kwa roho yake yote, ila hawezi kulala kifudifudi mbele ya altare siku ya kuwekwa wakfu akiwa amelalia uongo. Mkuu wa seminari alikuwa mzee mpole, alimpenda Austin kama mtoto wake, akatoa miwani, akaipanguza, akairudisha, akaitoa tena, akamwambia, "Kijana wangu, si ungenyamaza tu?" kwa sababu sheria ya kanisa ilikuwa imeandikwa na haikuwa mkononi mwake, mwanaume wa moyo kama huo hapokelewi, awe ametenda, awe hajatenda.

Najua baridi imeingia hapa ndani. Mwenye anataka kutoka kwa sababu ya haya nimesema, mlango ni ule, mpana, lori inapita, na mimi sitaangalia ni nani.

Austin alikuja hapa Gatina, tulikokuwa tumehamia, na begi moja, kaka yake akaamka akitaka kwenda huko seminari na waendesha boda boda arobaini wafunge barabara, Austin akasema, "Derrick, hata mmoja huna," na mama yetu, aliposikia hadithi yote mpaka mwisho, aliuliza kitu kimoja tu, "Umekula?"

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2012 aliajiriwa katekista na mtunza sakristia wa hii kanisa mnayokaa ndani yake, kazi aliyoifanya mpaka mwili ukakataa, akafundisha watoto wa komunyo elfu nne, kamati ya elimu inasema ni mia nne, hao hawajui wengine walikuwa wanasikilizia nje. Kila Jumamosi alipiga pasi kasula za mapadre, yale mavazi ya juu ya misa, ya kijani, ya zambarau, nyeupe ya sikukuu, polepole, akifuata mshono na kidole, na hakuna siku moja aliweka hata moja kwa bega. Kaka yake alimwambia, vaa tu kidogo, nikupige picha, tutume nyumbani, naye akacheka akasema, "Wewe utatuma mpaka Vatikani," halafu akaitundika kwa hanga na akasimama hapo akiiangalia, pasi bado iko moto mkononi, mpaka mtu akamwita. Na wakati wa misa alikuwa anasimama pale kando, karibu na kengele, midomo yake ikifuata sala ya padre neno kwa neno, bila sauti, na padre akiinua mkate, akifika pale pa kusema huu ndio mwili wangu, Austin alikuwa anafunga mdomo, anainamisha kichwa, anangoja, halafu neno la mbele anaendelea. Mama ndiye aliona hiyo kitu kwanza, na tangu siku hiyo akahama kiti, akawa anakaa nyuma ya nguzo, kwa sababu alisema kuona mtoto akinyamaza hivyo ni kama kuona mtu mwenye njaa akipakulia wengine.

Sasa tumefika kwa ndoa. Kamati ya mazishi ilikaa kwangu Jumapili iliyopita, na shangazi yetu Nasambu, aliyetoka Butere na basi ya usiku, akasema mwanaume hazikwi bila bibi kwa historia, huko kwetu hiyo ni kama kuzika kuni, lazima tuseme alikuwa amechumbia, watu hufanya hivyo kila siku, na akamwonyesha kidole Valary wa kwaya, kwamba huyu anatosha, ni mrefu, ni mkatoliki. Valary akaruka, "Mimi? Auntie, Austin amenigombeza miaka nane juu ya kuimba nje ya sauti, mkisema alikuwa ananioa hata maiti itakohoa." Watu wakacheka, hata shangazi, na walipomaliza kucheka mama Sella akasema bila kuinua macho, "Mtoto wangu alipoteza upadre juu ya kukataa uongo mmoja, na nyinyi mnataka nimfungie mwingine aende nao kwa udongo?" Kwa hivyo marehemu hakuoa, hakuchumbia, na hakuacha mtoto.

Lakini alipenda, na alipendwa. Mwaka wa 2014 hizi benchi mmekalia zilikuwa zinaangusha watu, na parokia ikaita Gathogo, fundi wa mbao mwenye karakana pale Satellite, mtoto wa familia ya hapa hapa Kawangware, wenye shamba tangu wakati hii yote ilikuwa miti, na fundi kama huyo hakuna kutoka hapa mpaka Uganda. Kazi ya wiki moja alichukua miezi mitatu. Mwaka wa 2016 akajenga vyumba viwili nyuma ya karakana, akaweka dirisha kubwa upande wa jua la asubuhi kwa sababu Austin alipenda kusali na mwanga, akamwambia ahamie, na Austin akasema hawezi, amemwahidi Mungu useja. Gathogo akamwambia, "Si walikukataza kuapa? Umefungwa na kiapo gani?" na Austin akamjibu, "Wao walikataa kupokea, Gathogo, mimi sijakataa kutoa."

Basi ikawa hivyo. Kila jioni, kazi ikiisha, Austin alipitia karakana, wakakaa juu ya mbao, wakanywa chai, wakabishana juu ya siasa na mpira, Gathogo akimwita Baba Mtakatifu, yeye akimwita Mkikuyu wa hasara, halafu Gathogo anamsindikiza mpaka kona ya kuingia Gatina, wanasalimiana kwa mkono kama watu wa kamati, na kila mtu anarudi kwake. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliwahi kuona zaidi, kwa sababu hakukuwa na zaidi, na msifikirie ilikuwa rahisi kwa sababu mtu alikuwa mpole, Austin mwenyewe alimwambia kaka yake, "Derrick, seminari miaka minane nilimaliza, lakini hiyo kona hunimaliza mimi kila siku." Alikuwa akifika kwa nyumba anasimama kwanza nje, mkono ule wa salamu ameuweka kwa mfuko, na haoshi mpaka asubuhi.

Mwezi wa nane mwaka wa 2022 alianza kuvimba miguu, hospitali ikasema ni figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kaka yake alijitolea figo zote mbili, daktari akakataa, akasema hii presha yangu inaweza kuwasha mtaa mzima, lakini mwenye alikaa naye kwa mashine kila Jumanne na kila Ijumaa ni Gathogo, na nesi alipouliza huyu ni nani wa mgonjwa, Austin alisema, "Ni mtu wangu," na nesi akaandika binamu. Mwanzo wa mwezi huu akalazwa na hakuinuka tena. Alhamisi, tarehe sita, mwezi wa tatu, mwaka wa 2025, mama akiwa upande huu na Gathogo upande ule, Austin akauliza, "Zile vyumba, kuna mtu ulipangisha?" Gathogo akasema, "Hapana." Akauliza, "Hata wewe hulali huko?" Gathogo akasema, "Hapana." Akafunga macho akasema, "Siku moja ungefungua dirisha, mbao itaoza," na saa kumi jioni akatuacha.

Kitu moja tena na nitamaliza. Wakatoliki mnajua, padre akifa anaingizwa kanisani kichwa kikiwa upande wa altare, uso kwa watu, vile alikuwa akiwahubiria, na sisi wengine tunaingizwa miguu mbele, uso kwa altare. Leo asubuhi wabebaji walipofika hapa kati, mimi niliwaambia wageuze. Niliwaambia huyu ni padre kushinda mapadre, geuzeni, na wakaanza kugeuza, wanaume sita, jasho inatoka, baba paroko ameangalia chini. Ni Gathogo, aliyelichonga hilo jeneza na mikono yake siku nne bila msaidizi, alikuja akaweka kiganja juu ya kifuniko, akasema polepole, "Derrick, wacha. Hajawahi kujiita kitu hakuitwa. Usimdanganyie leo, na hawezi kukusahihisha." Wakamrudisha. Kwa hivyo mnamwona vile alivyo, uso kwa altare, anaangalia pale ameangalia maisha yake yote, na hakuna mtu amemdanganyia.

Familia inashukuru madaktari na manesi wa kitengo cha figo, waendesha boda boda wa Gatina waliombeba bila kuuliza kitu, majirani wa Lindi na Satellite, makatekista wenzake, kwaya, hata Valary na sauti yake, jumuiya zilizokesha na sisi, na baba paroko aliyekubali niseme yote mbele ya altare yake, kesho tunasafiri Butere kumzika, mbarikiwe nyote.

Gathogo, wewe tulikosa vile tungekutaja. Si mjane, si shemeji, na rafiki wa familia ni neno la watu wanaokuja matanga na sukari, na mimi ambaye maneno haijawahi kuniisha, nimetafuta siku nane na sijapata. Lakini hiyo nafasi kando ya mama haiko wazi kwa sababu mtu amechelewa, mama ameweka mkoba hapo tangu asubuhi, kila mwenye anataka kukaa anaambiwa iko na mwenyewe. Toka hapo kwa mlango. Kuja mbele ukae, watu wakuone, sisi tutangoja.

Haya, amekaa.

Austin, ndugu yangu, pumzika na amani yako, hakuna mwenye atakuuliza kitu tena.