Jogoo wa Mukwe Juu ya Kamio

Uvumi ule ulikataa kumutoka Mama Léocadie kichwani: chifu wa Kabambare anakusanya jogoo zote kwa karamu ya mashindano makubwa ya mupira. Yeye alikuwa na jogoo mumoja tu, wa kumuchinjia mukwe wake Jumapili. Bila jogoo, uso wake angeuweka wapi? Asubuhi akamufunga jogoo miguu, akamuviringisha ndani ya kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, akapanda kamio, lori la kwenda Kasongo, amufiche kwa dada yake kule.

Juu ya magunia ya pamba, wanaume wawili walikuwa wanabishana.

"Kiwanja tufyeke sisi, kuku tutoe sisi!" akalalamika Placide, mulimaji wa Lusangi. "Mupira gani huu wenye kula?"

"Sasa wageni wale majani, ndugu yangu?" akajibu Faradji, muuza chumvi. "Hii ni heshima yetu."

"Heshima yenu, manyoya yangu!"

Léocadie akauliza polepole, "Baba, karamu yenyewe iko wapi?"

"Kasongo, mama," akajibu Faradji. "Kuku zote zinapelekwa kule."

Kamio ikasimama mbele ya polisi waliokuwa wanapokea kuku. Jogoo akawika.

Basi, mama wenzangu, muepuke haya: kukimbia bila kuuliza karamu iko wapi, kusafiri na jogoo asubuhi, kumufunga miguu na kusahau mudomo.