Aliyekufa kwa Kadi ya Nzioka

Bwana asifiwe. Pastor, chifu, majirani wa Kalamba na nyote mlioacha kazi zenu mkaja, familia imeniambia nisome bila kuficha, kwa hivyo nitasoma.

Marehemu Nzioka Muli alizaliwa mwaka wa 1936 hapa Kalamba, mtoto wa tatu wa mzee Muli na mama Kalunde, akasoma Matiliku hadi darasa la nane, na mwaka wa 1961 akaandikwa kazi ya kuendesha greda, na barabara mliyopita leo aliilainisha yeye. Tarehe 12 Desemba 1964 alifunga ndoa kanisani Mukuyuni na Syombua, wakabarikiwa watoto watano.

Kwa kuwa alikuwa na mshahara, alikuwa na kadi ya bima ya hospitali, yake na bibi na watoto, si ya mtu mwingine. Rafiki yake Kivuva, mkulima, hakuwa nayo, na mwaka wa 1977 alipovimba tumbo, hawa wawili wakaandikiana karatasi, kwamba Kivuva alazwe kwa kadi na jina la Nzioka, naye Nzioka apate kipande cha shamba kando ya mto. Jamani, walidhani ni ujanja! Kivuva aliitikia jina hilo wodini siku kumi na moja, asubuhi ya tarehe 9 Mei akaaga dunia, na cheti cha kifo kikaandikwa Nzioka Muli.

Ndugu za Kivuva walishtaki, na hakimu akasema mapatano yaliyofanywa kwa kuvunja sheria ya bima si mapatano, shamba lirudi, na Nzioka akapoteza kazi. Karatasi ya shamba ilifutwa, lakini cheti kilibaki, kwani kukirekebisha kulihitaji kiapo cha mama Ndinda, bibi ya Kivuva, naye alikataa kabisa, akisema kwenye vitabu vya serikali bwanake bado yuko hai, na si yeye atakayemuua.

Miaka kumi na saba Nzioka aliishi hivyo. Sokoni walimtania, wakimuuliza huko alikotoka kukoje, naye alicheka, lakini nyumbani aliogopa sana. Syombua anasema aliacha kuitika akiitwa mara moja, akingoja ya pili, kwa maana jioni moja alipoitwa, sauti iliitika upande wa mto kabla hajafungua mdomo, na Syombua pia aliisikia. Alituomba jambo moja tu, azikwe kwa jina lake.

Mwezi uliopita tumbo likavimba, akalazwa hospitali ileile, na asubuhi ya tarehe 9 Mei 1994 akatuacha. Karani alikataa kutoa kibali cha mazishi, akisema huyo alishazikwa, na mwili ukakaa mochari siku tisa, hadi jana mama Ndinda alipotembea mwenyewe hadi kwa chifu, akaapa, akaweka kidole gumba, akamlilia bwanake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa greda, na wewe mama Ndinda, uliyekaa hapo mbele na kitambaa cheusi kwa mara ya kwanza. Leo asubuhi Syombua alisimama mlangoni, akaita jina la bwanake mara moja, akasikiliza upande wa mto. Hakuna aliyeitika.

Pumzika kwa amani, Nzioka, jina sasa ni lako peke yako, na wewe Kivuva, pumzika kwa lako.